Makorongo Yasiyopimwa Ndiyo Yanayoua

Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zinakataza kulima au kujenga kando ya mto ndani ya ukanda usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, ukihesabiwa kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Nia ya kanuni hiyo ni njema, ila maneno yake ya mwisho yana uzito mkubwa kuliko yanavyoonekana. Kilichowahi kurekodiwa na nani? Vijito na makorongo mengi ya Afrika Mashariki hayana ubao wa kupimia kina, hayana msomaji wala daftari. Kwa kijito cha namna hiyo kiwango kilichorekodiwa hakipo, na mstari unaotakiwa na kanuni hauna pa kuanzia.

Tanzania ilipita njia nyingine. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinataja mita 60 tu, kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa ziwa au bwawa. Kifungu hicho kilitungwa kulinda vyanzo vya maji, hakikukusudiwa kukadiria mafuriko, lakini ndicho kinachonukuliwa watu wanapoambiwa wahame mabondeni. Mita 60 za Rufiji na mita 60 za korongo linalojaa mara moja kwa mwaka ni zilezile. Kwenye bonde tambarare maji huzivuka na kwenda kilomita nzima. Kwenye korongo lenye kingo za mwamba, mita 60 zinaweza kuwa shamba la mtu ambalo mafuriko hayajawahi kulifikia tangu enzi za babu yake.

Sasa tazama watu wanafia wapi. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamerundikana nyuma ya tuta la reli ya zamani karibu na Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, yalilibomoa tuta hilo na kushukia kijiji cha Kamuchiri. Waliokufa walizidi 45. Miezi mitano kabla yake, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na maeneo ya jirani ya Gendabi na Jorodom, na waliokufa walizidi 80. Mwezi Mei wa mwaka huohuo wa 2023, upande wa Kongo wa Ziwa Kivu, vijito vinavyoshuka kutoka milimani vilifurika huko Kalehe na kufagia Bushushu na Nyamukubi. Miili iliyopatikana ilizidi 400.

Hakuna hata tukio moja kati ya hayo matatu lililotokana na kufurika kwa mto mkubwa. Yote yalitoka kwenye vidakio vidogo, yaani maeneo ya ardhi ambayo mvua yake yote hushukia mkondo mmoja, ambavyo mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuvizunguka kwa siku moja, na kwenye mikondo ambayo kwa miezi mingi ya mwaka watoto huivuka bila kulowesha magoti. Ramani zetu za mafuriko, pale zilipo, hufuata mito yenye vipimo. Wafu wetu wako kwingine.

Msimamo wangu ni kwamba kukosekana kwa kituo cha kupimia si sababu ya kukosa ramani. Ushahidi wa mafuriko upo hata pasipo kituo: maji yenyewe huuacha ukutani, mitini na katika kumbukumbu za waliokimbia usiku huo. Tunauachia uoshwe na mvua ya wiki inayofuata kwa sababu hakuna ofisi iliyoagizwa kwenda kuuchukua. Zana za kisasa, iwe setilaiti au kompyuta inayojifunza yenyewe, zina faida kubwa, lakini bila ushahidi huo zinakisia gizani.

Vituo vya kupimia maji tulivyorithi havikujengwa kwa ajili ya mafuriko. Vingi viliwekwa na watu waliotaka kujua mto una maji kiasi gani kwa ajili ya umeme, umwagiliaji na mabomba ya mji, na swali lao kubwa lilikuwa kiangazi: je, maji yatatosha? Ndiyo maana viko kwenye mito mikubwa na ya kudumu, karibu na madaraja, mahali ambapo gari la ofisi linafika. Msomaji huja asubuhi na jioni, anasoma ubao, anaandika. Kwa Pangani au Nzoia utaratibu huo unatosha kwa sehemu kubwa, kwa sababu mto mkubwa hupanda taratibu. Kwa korongo linalojaa saa nane usiku na kukauka kabla ya alfajiri, msomaji wa asubuhi ataandika kina cha kawaida na daftari litasema usiku ule haukuwa na kitu. Tena mafuriko makubwa hupenda kuanza na kipimo chenyewe: ubao unang'oka, na siku iliyokuwa muhimu kuliko zote inabaki nafasi tupu kwenye jedwali.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wenyewe hulijua vizuri ila halisemwi sana nje ya ofisi zao. Kituo hupima kina tu. Wingi wa maji hupatikana kwa mchoro unaohusisha kina na mtiririko, na mchoro huo hutengenezwa kwa kwenda mtoni na kifaa cha kupima mwendo wa maji. Watu huenda mtoni siku ambazo mto unaruhusu, kwa hiyo sehemu ya juu ya mchoro, ile ya mafuriko, mara nyingi ni mstari ulioendelezwa kwa makisio. Hivyo hata mto wenye kipimo una giza lake, na tofauti kati yake na korongo lisilo na kipimo ni ndogo kuliko tunavyodhani. Ninalisema hili ili tusikae kusubiri. Hakuna bajeti itakayoweka kituo kwenye kila korongo la Hanang, la Uluguru au la Kijabe, na hata kingewekwa leo, kingehitaji miaka 30 ya usomaji kabla ya kutupa takwimu za mafuriko makubwa. Watoto wanaolala kando ya makorongo hayo hawana miaka 30 ya kungoja.

Wahandisi wanajua kuazima. Mwaka 1976 maabara ya Uingereza ya utafiti wa usafiri na barabara ilichapisha mbinu ya kukadiria mafuriko ya Afrika Mashariki, iliyotokana na vidakio vidogo vilivyowekewa vipimo nchini Kenya na Uganda. Lengo lilikuwa madaraja na makalavati, na hadi leo mbinu hiyo bado inafundishwa na kutumiwa. Ilikuwa kazi nzuri, na naiheshimu zaidi kwa sababu waliotengeneza walikwenda kupima hapa hapa. Mbinu nyingine inayotumika sana, ile ya kuipa namba kila aina ya udongo na matumizi ya ardhi, ilitoka katika mashamba ya Marekani ya miaka ya 1950. Duniani kote, jumuiya ya wanasayansi wa maji ilitenga muongo mzima, 2003 hadi 2012, kushughulikia swali hili moja la kutabiri mtiririko kwenye vidakio visivyo na vipimo. Mwezi Machi 2024 watafiti wa Google walichapisha katika jarida la Nature mfumo wa kompyuta uliofunzwa kwa rekodi za vituo 5,680 vya duniani, unaoweza kukadiria mafuriko makubwa hata kwenye mito isiyopimwa, hadi siku tano kabla.

Hayo ni maendeleo ya kweli, na mtu wa Budalangi kwenye Nzoia ya chini anaweza kunufaika nayo: mvua inanyesha milimani, maji yanasafiri, kuna muda wa kuhamisha ng'ombe na wazee. Kamuchiri haikuwa na muda huo. Mfumo wa dunia nzima unaona mito mikubwa kwa sababu mafunzo yake yalitoka kwenye mito yenye vituo, na kwa sababu sehemu kubwa ya mvua unayoiona haikupimwa chini bali inakadiriwa, ikiwemo ya setilaiti.

Hebu tukae kidogo kwenye hiyo mvua. Setilaiti zinazotumika zaidi kwa mvua ya kila nusu saa hugawa ardhi katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 10. Kidakio chote cha korongo la mlimani kinaweza kuingia ndani ya mraba mmoja na nafasi ikabaki. Hanang ni mlima uliosimama peke yake, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, unaoinua upepo wenye unyevu na kuangusha mvua upande mmoja huku upande wa pili pakiwa pakavu. Mraba wa kilomita 10 unachanganya mlima na tambarare kisha unatoa wastani. Chini, kipimo cha mvua cha kituo cha kawaida husomwa saa tatu asubuhi kwa jumla ya saa 24. Milimita 80 zilizonyesha taratibu mchana kutwa na milimita 80 zilizomwagika ndani ya saa moja na nusu huandikwa namba ileile, ingawa za kwanza ni neema kwa mkulima na za pili ni msiba.

Baada ya maafa ya Kivu mwaka 2023, kundi la wanasayansi la World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kuchunguza mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika matukio kama hayo, walijaribu kupima mvua ile ilivyokuwa ya ajabu. Mwezi Juni walitoa jibu: takwimu zilizopo hazikutosha kutoa hitimisho. Watu zaidi ya 400 wamekufa na sayansi ya dunia haikuweza kusema mvua iliyowaua ilikuwa ya namna gani. Sijui fedheha kubwa kuliko hiyo katika fani hii, na si ya wanasayansi wale, kwani walisema ukweli.

Kisha kuna ramani ya mwinuko wa ardhi. Nyingi tunazotumia zina mzizi wake katika safari ya chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000, kilichopiga rada sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11. Mwaka 2014 toleo lake la kina zaidi, lenye vipande vya mita 30, lilifunguliwa kwa wote, na Afrika ikawa ya kwanza kupewa. Bila zawadi hiyo makala hii isingekuwa na maana. Lakini rada huona paa la nyumba na kilele cha miti kabla ya kuona ardhi, na korongo lenye upana wa mita 10 halionekani vizuri kwenye kipande cha mita 30. Matoleo mapya yamejaribu kuondoa misitu na majengo kwa hesabu, na yamesaidia, hasa kwenye mabonde mapana.

Mai Mahiu inaonyesha hesabu hizo zinaishia wapi. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya Kenya ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa udongo, mawe na magogo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa. Hapakuwa na bwawa kwenye orodha yoyote, maana lilizaliwa usiku ule. Sasa, mchoraji wa ramani anapoandaa data ya mwinuko, moja ya hatua za kwanza ni kuhakikisha maji yanaweza kutiririka kutoka juu hadi chini bila kukwama. Programu ikikuta tuta limekatisha mkondo, hulichukulia kuwa ni dosari ya data na kulitoboa, ili mto uendelee. Kwa siku za kawaida hilo ni sahihi, kwa kuwa kweli kuna kalavati pale. Kwa usiku wa kalavati lililoziba, kompyuta imefuta kwenye ramani kitu kilekile ambacho kitaua watu. Hitaji la kwanza la ramani ya korongo, basi, ni mtu wa kutembea kwa miguu kutoka juu hadi chini na kuandika kila tuta, kila kalavati, kipenyo chake, na kama kuna kitu kinachoweza kuliziba.

Nichukue kidakio cha mfano, kilomita za mraba 10, chenye mteremko mkali. Inanyesha milimita 60 kwa saa moja. Hayo ni mita za ujazo 600,000 za maji yaliyoanguka. Je, kiasi gani kinazama ardhini na kiasi gani kinatiririka? Hapa ndipo wataalamu wawili wenye shahada zilezile hutofautiana. Mmoja atasema asilimia 30 inatiririka, mwingine 70, na kila mmoja ana jedwali lake la kumuunga mkono. Tukichukulia maji hayo yapite kwa saa mbili, yakipanda na kushuka kwa umbo la pembetatu, kilele cha yule wa kwanza ni mita za ujazo 50 kwa sekunde, na cha yule wa pili ni takriban 117. Tofauti ni zaidi ya mara mbili. Ramani mbili zitakazotoka hapo zitakuwa za vijiji viwili tofauti.

Sasa nenda korongoni siku tatu baada ya mafuriko. Mahali paliponyooka, juu kidogo ya kivuko, kuna mstari wa takataka: nyasi, mabua ya mahindi na mifuko vimenasa kwenye matawi ya miti, upande wa kushoto na wa kulia, kwa kimo kinacholingana. Unafunga kamba, unapima upana: mita 10. Unapima kutoka sakafu ya korongo hadi mstari: mita 2. Unapima mteremko kati ya mstari huu na mwingine mita mia chini yake: mita 2 kwa mita 100. Sakafu ina mawe na vichaka. Fomula iliyotolewa na Robert Manning, mhandisi wa Ireland, mwishoni mwa karne ya 19, inakupa mwendo wa kama mita 3.6 kwa sekunde na mtiririko wa takriban mita za ujazo 72. Ukikosea kidogo makadirio ya mawe na vichaka, utapata pengine 50 na ushee. Kwa hiyo yule wa asilimia 70 amekwenda mbali mno, na jibu la karibu ni asilimia 40 na kitu, ikiwa tuna namna ya kujua mvua iliyonyesha. Kamba, rula, kiwango (pimamaji) cha fundi mwashi na mchana mmoja vimefuta sehemu kubwa ya ubishi ambao kompyuta isingeumaliza. Na kama kwenye kivuko hicho kuna bomba moja la zege la kipenyo cha mita 1.2, ambalo hupitisha mita za ujazo mbili au tatu kwa sekunde kabla maji hayajaanza kurundikana mlangoni, basi umejua pia kwa nini barabara ilikatika.

Ugumu ni muda. Mstari wa takataka hudumu mpaka mbuzi waje au mvua inayofuata inyeshe. Alama ya tope ukutani hudumu mpaka mwenye nyumba apake chokaa, na ana haki ya kupaka. Greda linalosafisha barabara, ambalo lazima lije haraka, linasukuma kando mawe ambayo ukubwa wake ungetuambia nguvu ya maji. Baada ya wiki mbili unabaki na watu.

Nao watu ni ushahidi mzuri wakiulizwa vizuri. Ukimuuliza mtu mafuriko yalikuwa makubwa kiasi gani, atakujibu kwa ukubwa wa huzuni yake, na hastahili lawama. Ukimwambia asimame mlangoni na aonyeshe kwa mkono maji yalifika wapi kwenye fremu, kisha ukamuuliza jirani yake peke yake kwenye mlango wake, na watatu ng'ambo ya korongo, kisha ukaunganisha vidole vyao kwa kiwango, utaona mara nyingi mistari inakubaliana kwa tofauti ya upana wa kiganja au miwili. Miaka ya nyuma huhitaji ndoano: kabla au baada ya El Niño ya 1997 na 1998? Shule ilikuwa imeshajengwa? Mtoto yupi alikuwa mgongoni? Mzee anayesema maji ya mwaka huo yaliufikia mwembe, na mwembe bado upo, ametupa rekodi ambayo hakuna wizara iliyo nayo.

Dar es Salaam imeonyesha kwamba kazi hii inawezekana kwa kiwango kikubwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu wapatao 40 na kuizamisha Jangwani, ramani za mitaa mingi isiyopimwa hazikuwapo. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulipeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora nyumba, mifereji na makalavati kwenye ramani huria ya intaneti, na kuuliza maji hufika wapi. Ukiangalia leo kata za bonde la Msimbazi kwenye ramani hiyo, utaona mifereji ambayo hakuna setilaiti ingeitambua. Udhaifu wake ni kwamba mfereji hubadilika: uliochorwa ukiwa wazi unaweza kuwa umejaa taka masika inayofuata, na mradi wenye fedha za muda huisha wakati mfereji unaendelea kuishi. Ramani ya mafuriko ikikosa mtu wa kuihuisha inageuka historia.

Katesh inatulazimisha kuongeza jambo moja. Kilichoshuka Hanang hakikuwa maji pekee. Kilikuwa tope zito lililobeba mawe na miti, na tope halifuati kanuni za maji: linajaza korongo lake, linaacha njia, linapita lilikotaka, na linaweza kuvunja ukuta kwa kina ambacho maji matupu yangeulowesha tu. Ramani ya kina cha maji pekee ingewahadaa watu wa mteremko wa namna hiyo. Panahitajika ramani ya pili, ya juu mlimani, inayoonyesha miteremko yenye udongo mnene uliolegea, makovu ya maporomoko ya zamani, na mahali korongo linapotoka mlimani na kutandaza mawe yake kama feni. Uwanda huo unaotandazwa huwa na udongo mzuri na maji karibu, ndiyo maana tunajenga juu yake. Kila jiwe kubwa lililokaa katikati ya shamba hapo lililetwa na kitu.

Najua pingamizi. Ramani yenye makosa inaweza kumnyima mtu mkopo, kushusha bei ya kiwanja chake, au kumvunjia nyumba. Hofu hiyo ina msingi. Baada ya mvua za Aprili 2024, serikali ya Kenya iliamuru wakazi wa kando ya mito ya Nairobi waondoke ndani ya mita 30, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru wakati watu bado wanaomboleza. Mstari mwembamba mwekundu, uliochorwa bila kusema una uhakika kiasi gani, ni silaha mkononi mwa mwenye tingatinga. Mimi ningependa ramani zetu zichorwe kwa kanda tatu: mahali ambapo maji yamefika na kuna alama, mahali ambapo hesabu zote zinakubaliana yatafika, na mahali ambapo hesabu moja inasema ndiyo na nyingine hapana. Kila mkazi aone anasimama kwenye kanda gani na kwa ushahidi gani, na awe na haki ya kuja na ushahidi wake.

Matumizi yake ya kwanza pia yasiwe kuhamisha watu. Kuna maamuzi ambayo hata ramani yenye shaka inatosha kuyafanya, na hayamvunjii mtu nyumba: zahanati mpya isijengwe mdomoni mwa korongo, bweni la wanafunzi lisiwe upande wa chini wa tuta, kalavati fulani likaguliwe kabla ya vuli na kabla ya masika, na kijiji kijue njia ya kukimbilia ambayo haikatizi mkondo. Nyamukubi maji yalikuja siku ya soko, siku ambayo watu ni wengi kuliko kawaida. Kujua tu kwamba uwanja wa soko uko kwenye kanda ya kwanza kungetosha kulihamisha soko, si kijiji.

Nani afanye? Tanzania ina bodi tisa za maji za mabonde, zenye ofisi za vidakio. Kenya ina Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Zipewe wajibu ulioandikwa: ndani ya siku saba baada ya mafuriko yaliyoua mtu au kukata barabara, timu ya watu wawili iende na kamba, kiwango na kifaa cha kusoma mahali (GPS), ipime alama, ipige picha, iweke misumari yenye rangi kwenye kuta za shule na misikiti na makanisa kuonyesha kimo, na iandike majina ya makalavati yaliyoziba. Afisa mtendaji wa kijiji awe na daftari la mafuriko kama alivyo na daftari la wakazi. Kipimo cha mvua kinachoandika chenyewe kila baada ya dakika chache kiwekwe kwenye shule ya juu mlimani badala ya mjini. Kimoja tu kwa kila kidakio chenye kijiji chini yake kingebadilisha hesabu niliyoionyesha hapo juu kutoka ubishi kuwa jibu.

Na kuna hazina ambayo tayari imelipiwa. Kila kalavati na kila daraja dogo linalojengwa upya na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini wa Tanzania, au na mamlaka za barabara za Kenya, lazima lipitie kwa mhandisi aliyechora kidakio chake, akakadiria mvua, akakokotoa mafuriko ya miaka 10 au 25 au 50 (yale yanayotarajiwa kwa wastani mara moja katika kipindi hicho), na mara nyingi akamuuliza mwenye duka la jirani maji hufika wapi. Kurasa hizo hubaki kwenye faili la mkataba, kazi ikishapokewa hakuna anayezifungua tena. Mamlaka ya barabara inayohitaji kibali cha bodi ya bonde ili kugusa mkondo wa mto inaweza kutakiwa, kwa sharti la kibali hichohicho, kukabidhi nakala ya hesabu na viwango vya alama ilivyopima. Sharti hilo halihitaji mfadhili wala sheria mpya, linahitaji mkurugenzi wa bodi aliongeze kwenye fomu kabla ya mkataba unaofuata kusainiwa.